Kuhamia Windows 11: maswali tunayoulizwa kila siku na watumiaji wa kompyuta Mombasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo watu wengi wanaotuletea kompyuta zao wamehamia Windows 11, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwalimu anayechapa mitihani, mama wa saiba anayejazia mtaa mzima fomu za eCitizen: wote walijua kazi yao vizuri, na ghafla hawajui wabofye wapi. Ukurasa huu ni wao.

Niseme msimamo wangu mapema. Ujuzi wako haujapotea, vitu ndivyo vilivyohamishwa. Baadhi yavyo virudishe vilipokuwa bila kuona haya. Vingine vizoee tu. Na viko vichache ambavyo usipovitazama vizuri utapoteza kazi yako, na hivyo nimevieleza kwa kirefu zaidi.

Kitufe cha Start kilikuwa kona ya kushoto, sasa kiko katikati. Naweza kukirudisha?

Ndiyo, na ukirudishe leo. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye mstari wa chini wa skrini, chagua "Taskbar settings", fungua "Taskbar behaviors", kisha kwenye "Taskbar alignment" chagua "Left". Kitufe hicho kilizoeleka kona ya kushoto tangu Windows 95 ilipotoka mwaka 1995, kwa hiyo mkono unaokitafuta huko hauna kosa lolote. Mwaka 2012 Microsoft walikiondoa kabisa kwenye Windows 8, watu wakalalamika, na mwaka uliofuata kikarudi kwenye 8.1. Nalitaja hilo kwa ajili ya wazee wanaoambiwa na vijana wao wanyamaze wazoee. Malalamiko ya watumiaji yana uzito.

Ukiwa papo hapo, tafuta "Combine taskbar buttons and hide labels" uchague "Never". Kila dirisha ulilofungua litaonyesha jina lake chini, na hutalazimika kubahatisha ni faili gani ya Word iko wapi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 haikuwa na uwezo huu, ulirudishwa mwaka 2023. Usipouona, kompyuta yako haijapata masasisho kwa muda mrefu.

Na mstari wenyewe wa chini, naweza kuupeleka juu au pembeni kama zamani?

Windows 11 ilitoka bila uwezo huo. Kuna programu za watu wengine zinazoufanya, lakini mimi siziweki kwenye kompyuta ya ofisi. Zinaingilia ndani ya mfumo, na sasisho moja likija zinaweza kugongana nalo, ukafika kazini ukakuta mstari mzima haupo na wateja wamejipanga mlangoni.

Nikibofya kulia sioni tena Copy wala Paste. Vimefutwa?

Vipo, ila vimegeuzwa vipicha. Tazama ukingo wa juu wa menyu, au wa chini kama umebofya karibu na mwisho wa skrini: mkasi ni kukata, karatasi mbili ni kunakili, pipa la taka ni kufuta. Toleo la 24H2, yaani sasisho kubwa la Windows 11 la mwaka 2024, liliongeza majina chini ya vipicha hivyo. Ukitaka menyu ndefu ya zamani, shikilia Shift huku ukibofya kulia, au chagua "Show more options". Ctrl+C, Ctrl+X na Ctrl+V hazijaguswa. Ukizishika hizo tatu, hutajali menyu ikibadilika tena.

Faili zangu zote zilikuwa kwenye skrini ya mwanzo. Leo hazipo. Nimeibiwa?

Karibu kila anayetujia na swali hili faili zake ziko salama. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ilichukua folda zako za Desktop, Documents na Pictures ikazihamishia ndani ya folda yake ili izipandishe kwenye intaneti. Fungua File Explorer kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi E, bofya OneDrive upande wa kushoto, utazame folda ya Desktop iliyo ndani. Faili zako zinakusubiri humo.

Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu. Mwenye picha za harusi na hati za miaka mingi anaijaza upesi, kisha anaanza kuonywa kila saa kuwa nafasi imejaa, na anashawishika kulipia kitu ambacho hakukiomba. Wakati huo huo bando la simu linateketea kwa kupandisha picha ambazo hana haja ya kuzipandisha. Ukitaka kuiacha, bofya alama ya wingu chini kulia, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta "Manage backup", uzime folda moja moja. Ukishazima usishtuke ukiona skrini tupu: huenda faili zimebaki kwenye folda ya OneDrive, na ni wewe utakayezirudisha kwa mkono. Hakikisha zina alama ya kijani ya tiki kabla hujazihamisha. Yenye alama ya wingu tupu bado iko mtandaoni, haijashuka kwenye mashine yako.

Sisemi OneDrive ni mbaya. Aliyeibiwa laptopu ndani ya matatu akazikuta hati zake zote mtandaoni atakuambia vingine. Ninachokataa ni mtu kuhamishiwa mali yake bila kuelewa iko wapi.

Fundi aliniwekea Windows mpya kwa barua pepe yake mwenyewe. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko yote yaliyomo kwenye ukurasa huu. Tafadhali soma jibu hili lote.

Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 ikiwekwa upya kwenye kompyuta inayokidhi masharti na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, mfumo, bila kuuliza, hufunga diski nzima kwa usimbaji, yaani huyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Nia yake ni nzuri, maana mwizi akiitoa diski hataweza kusoma kitu. Lakini ufunguo wa kuifungua siku ya dharura, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti ile iliyotumika. Siku mashine ikibadilishiwa ubao mkuu wa ndani, au BIOS yake, ile programu ya msingi inayoiwasha, ikasasishwa ama kuguswa, inaweza kuwaka na kudai ufunguo huo. Kama akaunti ni ya fundi, na fundi amehamia Malindi au amebadilisha laini ya simu, hutaupata. Wala hakuna fundi mwingine awezaye kufungua diski hiyo bila ufunguo. Atakayedai anaweza anataka pesa zako tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua "Settings", kisha "Accounts", kisha "Your info", usome barua pepe iliyoandikwa. Ikiwa si yako, nenda "Other users", ongeza akaunti yako mwenyewe, uipe cheo cha "Administrator", uingie nayo, uhamishe faili zako, ndipo uiondoe ya fundi. Kisha nenda "Privacy & security", tazama "Device encryption". Ikiwa imewashwa, izime, subiri imalize kazi yake hata kama itachukua saa kadhaa, halafu iwashe tena ukiwa ndani ya akaunti yako, ili ufunguo mpya uhifadhiwe kwako. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey uhakikishe umeuona. Unakili kwenye daftari kwa kalamu, na daftari hilo lisikae ndani ya mkoba mmoja na laptopu.

Usiyetaka akaunti ya Microsoft kabisa, kwenye ukurasa ule ule wa "Your info" kuna "Sign in with a local account instead". Andika ufunguo kwanza, ndipo ubadilishe.

Na kwa mafundi wenzangu: mteja akija bila barua pepe, mfungulieni yake hapo hapo akiwa amekaa mbele yenu, na nenosiri aliandike yeye.

Bando langu linaisha kabla ya saa sita mchana. Ni Windows 11?

Inawezekana sana. Ukitumia intaneti ya simu, fungua "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", kisha sifa za mtandao uliounganishwa nao, uwashe "Metered connection". Hapo mfumo utaacha kushusha masasisho mengi kwa siri. Lakini usiyazime milele: angalau mara moja kwa mwezi nenda mahali penye intaneti isiyohesabiwa, uiache mashine ishushe.

Ofisi yenye kompyuta nyingi ina njia nzuri zaidi. Kwenye "Windows Update", "Advanced options", kuna "Delivery Optimization". Ruhusu kushiriki na vifaa vya mtandao wa ndani pekee. Mashine moja ikishashusha sasisho, nyingine zitachota kwayo. Usichague ile inayohusisha vifaa vya intaneti nzima, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa ukiwapandishia wengine kwa bando lako.

Kwa nini mashine yangu huwa nzito Jumatano fulani asubuhi?

Masasisho ya usalama ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, asubuhi ya Marekani, ambayo kwetu ni usiku. Kompyuta iliyozimwa usiku huanza kuyashusha ukiiwasha Jumatano. Kama Jumatano una makataa ya KRA au meli inayosubiri hati, bonyeza "Pause updates" mapema, kisha uyaruhusu baadaye.

Na stima ikipotea katikati ya sasisho?

Mara nyingi Windows hutambua kuwa haikumaliza, ikarudisha hali ya awali. Mara nyingi, si kila mara. Laptopu iwe na chaji zaidi ya nusu na waya uwe umechomekwa. Kompyuta ya mezani haifai kuanzishiwa sasisho kubwa bila UPS, ile betri ya akiba ya stima, hasa msimu wa mvua za masika. Ukiona skrini inakuambia usizime, usizime, hata ikikaa pale pale muda mrefu.

Kompyuta yangu inakataa Windows 11. Imeharibika?

Haijaharibika. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, ulinzi wa wakati wa kuwaka uitwao Secure Boot, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel hiyo ni takriban kizazi cha 8 kuendelea, kwa AMD Ryzen ni takriban mfululizo wa 2000 kuendelea. Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakuambia ni kipi kimekosekana. Ikisema ni TPM pekee, usitupe mashine: mara nyingi chipu ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ambako huitwa PTT kwa Intel na fTPM kwa AMD. Fundi mzuri ataiwasha bila kubadilisha kifaa chochote.

Nataka kununua laptopu ya mitumba kutoka Uingereza. Muuzaji anasema "ina Windows 11". Nimwamini?

Isome prosesa wewe mwenyewe. Bofya kulia Start, chagua "System". Ukiona i5-6300U, tarakimu baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha sita, na haimo kwenye orodha. i5-8250U ni kizazi cha nane, hiyo sawa. i5-10210U ni cha kumi. Kuna njia za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha sita, na itawaka vizuri dukani. Lakini Microsoft haihakikishi kuwa mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Unalipa bei ya mashine ya sasa, unaondoka na mashine isiyo na ahadi. Mwambie muuzaji ulichokiona, uteremshe bei au uende duka la pili. Na tazama "Activation" kwenye "Settings" kabla hujatuma M-Pesa. Windows iliyofunguliwa kwa programu ya wizi huja na vitu ambavyo hukuvinunua.

Je, siwezi kubaki na Windows 10?

Itaendelea kuwaka. Kinachokosekana ni kuzibwa kwa matundu ya usalama yanayogunduliwa kila mwezi, na mtu anayefungua iTax na akaunti za benki kwenye mashine hiyo anajiweka hatarini. Microsoft ilifungua mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Unalipiwa dola 30, au unapatikana bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako mtandaoni. Kiungo chake huonekana ndani ya "Windows Update". Ni muda wa kujipanga, si makao.

Kwa mashine iliyokataliwa na ambayo bado ina nguvu, mimi napendekeza Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa mahali pa Windows. Ni ya bure, menyu yake iko kona ya kushoto chini, na anayetoka Windows 10 huielewa upesi kuliko anayehamia Windows 11. Kazi ya kuandika barua, kufungua eCitizen na kuchapa itafanyika. Kama kazi yako inategemea programu maalum ya Windows, uliza kwanza.

Programu yetu ya zamani ya hesabu itafanya kazi?

Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Programu za biti 32 kwa kawaida hukubali. Zile za kale za biti 16, za enzi za DOS, hazitawaka. Ijaribuni kwenye mashine moja, wiki nzima, kabla ya kugusa nyingine. Tovuti iliyodai kivinjari cha zamani cha Internet Explorer, ambacho kilistaafishwa Juni 2022, ijaribuni kwenye kivinjari cha Edge kwa kuwasha hali ya Internet Explorer, ambayo Microsoft imeahidi kuidumisha angalau hadi 2029.

Printa inabadilika yenyewe, nachapa huku karatasi inatokea chumba cha pili.

"Settings", "Bluetooth & devices", "Printers & scanners", zima "Let Windows manage my default printer". Kisha chagua yako.

Maandishi yamekuwa madogo, macho yangu hayawezi.

Fungua "Settings", "Accessibility", "Text size", uvute kitelezi mpaka usome bila kukunja uso, kisha bonyeza "Apply". Kishale cha kipanya nacho kinaweza kukuzwa na kupakwa rangi kwenye "Mouse pointer and touch". Ukitaka kukuza sehemu tu, shika kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha. Kutoka, kitufe cha Windows na Esc. Nimeona watu wazima wakiacha kutumia kompyuta wakidhani wamezeeka, kumbe kilichohitajika ni kitelezi hicho.

Nina saiba. Kuna kitu cha kuangalia zaidi?

Menyu ya Start ina sehemu ya "Recommended", inayoonyesha faili zilizofunguliwa karibuni. Mteja wa pili akikaa, anasoma majina ya faili za mteja wa kwanza: wasifu wa kazi, fomu ya hospitali, barua ya wakili. Hiyo ni siri ya mtu. Nenda "Personalization", "Start", uzime kuonyesha faili za karibuni. Vilevile zima wijeti kwenye mipangilio ya mstari wa chini. Habari zinazojifungua kishale kikipita zinawachanganya wateja na kula bando.

Katika mapya yote, yapi yanafaa kujifunza?

Kitufe cha Windows na V. Baadhi ya haya yalikuwepo tangu Windows 10, lakini wachache waliyajua. Ukiiwasha hiyo mara ya kwanza, kompyuta inakumbuka vitu vingi ulivyonakili, si kimoja cha mwisho. Unanakili namba ya kitambulisho, PIN ya KRA na namba ya simu kwa mpigo, kisha unabandika kila kimoja mahali pake. Kwenye saiba iache imezimwa, kwa sababu ile ile ya siri za watu. Kitufe cha Windows, Shift na S hukata sehemu ya skrini, mfano risiti ya malipo. Na kitufe cha Windows na Z hupanga madirisha mawili au matatu ubavu kwa ubavu. Anayehamisha takwimu kutoka hati moja kwenda nyingine atashukuru.

Nimejaribu, sitaki. Naweza kurudi nilikotoka?

Kama ulipandisha kutoka Windows 10 kwenye mashine hiyo hiyo, una siku 10. "Settings", "System", "Recovery", "Go back". Baada ya hapo ni kufuta na kuweka upya. Ukiwa na wasiwasi, nakili hati zako kwenye flashi kabla ya yote.

Mama yuko Likoni, mimi niko Doha. Namsaidiaje?

Mwambie ashike Ctrl, kitufe cha Windows na Q. Itafunguka Quick Assist. Wewe ukiifungua kwako, utapata msimbo wa kumsomea kwenye simu, yeye auandike, na utaiona skrini yake. Mfundishe pia kwamba msimbo huo auandike tu akiusikia kwa sauti yako, katika simu aliyokupigia yeye. Akipigiwa na mtu asiyemjua anayesema anatoka Microsoft na kwamba kompyuta yake ina virusi, akate simu hiyo hapo hapo. Microsoft haipigii watu kuwaambia hivyo.